Kidonge cha Presha Nisiyo Nayo

Daktari alinipa kidonge cha presha, na presha sina. Mimi ninaumwa sukari, kazi yangu kushona mapazia, na akili zangu timamu. Sasa kidonge cha presha cha nini? Sikumuuliza. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu na yeye alishamwita mwingine.

Aliyenijibu ni dada wa makopo. Aliingia dukani kwangu akiuza makopo ya vidonge vya kusafisha figo, "vina antioksidanti, mama," neno ambalo mpaka leo linanigonga meno. Akaniambia vya hospitali niachane navyo, kemikali tupu. Wala sikumwamini sana. Ila kesho yake saa mbili asubuhi akapiga simu: "Mama, umeamkaje? Umekunywa dawa?"

Jamani, nani mwingine aliniuliza nimeamkaje? Mume wangu nilishamzika. Binti yangu, niliye naye huyo huyo mmoja, hupiga akinikumbuka, na kukumbuka si kipaji chake. Basi nikawa nameza vidonge vya dada kila siku ili asubuhi nimjibu, "Nimekunywa, mwanangu." Vile vya presha nikavitupia kwenye droo ya vifungo.

Miguu ikaanza kuvimba. Viatu vikagoma, nikawa nakanyaga pedali ya cherehani peku. Mkojo nao ukawa na povu kama nimemwaga sabuni chooni. Nilipomwambia dada, akasema hiyo ni sumu inatoka, niongeze kopo. Nikaongeza.

Mwisho nikarudi hospitali na makopo yangu, wakanipima. Daktari yule yule, safari hii akaniangalia usoni.

"Mama, kile kidonge hatukukupa kwa ajili ya presha. Kinalinda figo za mtu mwenye sukari, protini isivuje kwenye mkojo. Haya makopo hayana ushahidi wa kuziokoa. Nguvu ya figo zako imeshuka sana."

"Nikikirudia, zitapona?"

"Kilichoharibika hakirudi. Kilichobaki tunaweza kukitunza."

"Ungeniambia haya siku ile."

Aliinamisha kichwa. "Ni kweli, mama."

Kesho yake dada akapiga kama kawaida. Nikamwambia makopo basi, ila wewe usiache kunipigia. Akajibu:

"Haya, mama. Ugua pole."

Hakupiga tena. Nililia, sitaki kuwadanganya. Figo zangu mwenyewe sikuzililia hivyo, nikamlilia muuza makopo.

Muuguzi ameniwekea alamu kwenye simu nisisahau dawa. Aliniuliza saa ngapi, nikamwambia saa mbili asubuhi. Ikilia nafungua droo ya vifungo, nameza kile kidonge cha presha nisiyo nayo. Halafu, kabla sijaizima, naiweka simu sikioni.

"Nimeamka salama, mwanangu," nasema. "Nimekunywa."