Wa Tano wa Kuapa

Hawise alikuwa na mdomo mchafu na pombe safi, na kijiji kizima kiliuvumilia mdomo kwa ajili ya pombe. Sasa Godwin, mwonja pombe rasmi wa kijiji, amemshitaki kwamba ameuza pipa zima bila kutundika ufagio mlangoni, yaani bila kumwita yeye aje aonje kwanza. Akitiwa hatiani, anafungiwa kupika. Kwa mjane asiye na shamba, huko ni kufungiwa kula.

"Niliutundika!" alimlalamikia kila mpita njia. "Kwa mikono yangu hii!"

Ilibidi aende na wanawake watano wenye sifa njema kwenye baraza la bwana mwenye ardhi, waape pamoja naye kwamba anasema kweli. Wanne aliwapata kwa kuwabembeleza, kazi asiyoizoea. Wengine wote alishawatukana. Akabaki Emmota wa ng'ambo ya njia, mpika pombe mwenzake na adui yake wa miaka tisa. Hawise akajikaza kisabuni, akavuka njia.

"Shoga, nimekuja na shida."

"Leo mimi shoga? Juzi nilikuwa nguruwe."

"Nguruwe nilimwita mumeo."

Emmota nusura acheke. "Kwa hiyo nikakuapie?"

"Kama unaniamini. Kama huniamini, kaa kwako."

Emmota akamfungia mlango.

Siku ya baraza, wale wanne waliweka mikono juu ya Kitabu, wakaapa. Msimamizi wa baraza akauliza wa tano yuko wapi. Hawise akageuka kutazama mlangoni. Ndipo Emmota akaingia, uso umemwiva, akaweka mkono.

"Ufagio ulikuwepo," alisema. "Najua, maana niliushusha mimi."

Watu wakaguna, Godwin akatumbua macho. Msimamizi alimwachia Hawise, akamfungia Emmota kupika hadi sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa mavuno.

Hawise alitoka mbio amfuate, matusi yamemjaa kinywani. Alimkuta ameegemea ukuta, analia.

"Si ungekaa kimya tu, mjinga wewe?"

"Ulivuka njia ukaniomba mimi," Emmota alisema. "Mimi! Ningeapaje huku nikificha?"

Hawise akaegemea ukuta kando yake. Hasira ilikuwepo bado, lakini huruma iliizidi.

"Shayiri ya pombe uliyoloweka imeshachipua?"

"Imechipua. Itaoza sasa."

"Ilete kwangu kesho alfajiri, tupike wote. Ukichelewa sikungoji."