Muhuri wa Zambarau

TANGAZO RASMI. Kuanzia leo, katika mji wote wa Butembo, kila mama anayehudumia mgonjwa nyumbani atalala kitandani, atapumzika Jumapili na atalipwa mshahara wa mtu mzima. Asiyetii atakamatwa. Limetolewa na OFISI KUU.

Ofisi Kuu ilikuwa Falonne, mwenye miaka kumi na sita, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni. Muhuri wake ulikuwa kiazi alichokichonga, kilicholetwa kutoka mashamba ya Musienene. Wino ulikuwa dawa ya zambarau ya vidonda vya nyanya yake.

Dawa hiyo, Mama Kavugho, mfanyakazi wa nyumbani, ndiye aliyempaka mgonjwa kila asubuhi. Kwa miaka minne alikuwa akimgeuza, akimwosha, akimlisha, akilala sakafuni kando ya kitanda, huku mtoto wake mwenyewe akikulia mji wa Beni kwa majirani. Kwa hiyo Falonne alilibandika tangazo mlangoni, akangoja baba yake, Henri, atetemeke.

Henri alitetemeka kweli. Kwa hasira.

"Kavugho! Umeenda kunishitaki ku Leta? Ku serikali?"

"Papa, mie sijue hata kusoma."

"Na vidole? Angalia vidole byako!"

Vilikuwa vya zambarau, kama siku zote.

"Ni dawa ya bidonda bya Koko, papa."

"Funga bitu byako. Leo!"

Kavugho akapiga magoti. "Papa, nikitoka hapa mutoto atakula nini? Siombe Jumapili. Siombe kitanda. Uniache tu na ile kidogo."

Falonne, mkono wa kuume mfukoni, alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amempigania mama huyu kishujaa, kwa nusu saa tu, mpaka akamfukuzisha kazi.

"Falonne," nyanya akaita kitandani, "nipatie mayi."

Akachukua kikombe kwa mkono wa kushoto, akampa.

"Kushoto?" Kikongwe akakikataa. "Mie mbwa? Kule ku masomo banakufundisha nini?"

Henri akageuka. "Mukono wa kuume. Utoe."

Ukatoka polepole. Vidole vitano vya zambarau, na kiganjani, pale alipoujaribu muhuri, maneno yakisomeka vizuri kabisa: OFISI KUU.

Hakuna aliyecheka.

"Ni mie," akasema, maji yakimmwagikia miguuni. "Mama Kavugho hakujua kitu. Muhuri ni kiazi, papa. Ofisi haiko. Nilidanganya." Akamtazama Kavugho, ambaye bado alikuwa amepiga magoti. "Lakini kulala chini miaka mine, papa, ile sikuitunga."