Kiapo cha Kiti cha Mninga

Ilikuwepo nchi ambayo Mfalme wake alikuwa na waziri wa kila kitu, hata wa kivuli. Msitu wa nchi hiyo ulitunzwa na warina asali tangu enzi za mababu. Kila mwaka, umande ukiwa bado mzito, walichoma nyasi za ukingoni kidogo kidogo, ili kiangazi kikifika moto mkubwa ukose cha kula.

Waziri wa Miti, ambaye hajawahi kuchomwa na mwiba, akatangaza kwamba awashaye moto ni adui wa msitu. Mfalme akamwita Mama Mizinga, mkuu wa warina.

"Mama, tokeni misimu mitatu tu, msitu upumue. Naapa kwa kiti hiki, mtarudi."

"Na nyasi, Mtukufu? Nani atazichoma?"

"Nazo tutazilinda," Waziri akadakia. Baraza likacheka kwa adabu.

Mama Mizinga aliamini. Ndiye aliyewabembeleza wenzake wafunge virago, na waliosita akawaambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kweli msitu ukanawiri. Wageni wakaja kuusifu, Mfalme akavishwa nishani.

Misimu mitatu ilipotimia, Mama Mizinga alirudi barazani. Njiani nyasi zilimfika kifuani.

"Msitu umepona bila ninyi," alisema Waziri. "Mnarudi kuuharibu?"

"Mfalme wangu, uliapa!"

Mfalme akapapasa mkono wa kiti. "Niliapa kwa kiti cha mninga, mama. Hiki ni cha mpingo."

"Na huo mpingo umekatwa wapi?"

Mfalme akaashiria mlango. Askari wakamshika mkono, wakamtoa nje. Alilia njia nzima, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Kiangazi hicho radi ilipiga nyasi kavu. Moto ulikula siku tisa, mizinga na miti, na nyuki wakafia ndani. Siku ya kumi Waziri akatangaza kwamba wahalifu wanajulikana: ni warina. Askari wakavamia kambi yao.

"Nani aliyeuchoma msitu?"

Warina wote walimtazama Mama Mizinga. Hakuna aliyemsogelea.

"Ni mimi," akasema, akinyoosha mikono ifungwe. "Niliuchoma siku ile nilipowaambia hawa kwamba Mfalme hadanganyi."