Shavu la Kushoto

Kazi yangu ni kupiga picha, lakini kinacholeta wateja ni kusafisha. Chunusi, kovu la tetekuwanga, macho yaliyokesha: leta uso wako, nitakurudishia ule unaodai kuwa ni wako. Miaka kumi na minne sijaona mtu akilalamika kwamba nimemfanya mzuri kupita kiasi. Siku hizi wameongeza mapya. Wanataka picha zicheze: bibi aliyekufa apepese macho, babu ainue mkono. Programu ipo, kompyuta ipo, na mimi si mtu wa kukataa kazi.

Jumatatu asubuhi aliingia mama mmoja amekumbatia fremu kifuani. Niliijua ile fremu kabla hajaigeuza, kwa sababu ilitoka kwangu. Ndani yake alikuwa binti yake, ameketi kwenye stuli yangu hii hii, miaka miwili iliyopita. Sasa ana miezi saba kaburini. Tuliambiwa aliteleza bafuni.

"Fundi, nataka ageuke anitazame," mama akasema. "Halafu atabasamu kidogo."

"Unataka kuiweka nyumbani, mama?"

"Ni ya mjukuu wangu. Jumamosi baba yake anakuja kumchukua, akakae naye moja kwa moja. Ana miaka sita tu, atasahau. Nataka aondoke na mama anayemtazama, si huyu aliyekauka ukutani."

Alipoondoka nilichimbua faili la asili kwenye diski ya zamani, maana ukipiga picha ya picha inatoka na ukungu. Lilipofunguka, nikaikumbuka siku yenyewe, na laiti nisingeikumbuka.

Alikuja amejitanda mtandio mpaka puani. "Fundi, nisafishie hapa. Niligonga kabati." Shavu la kushoto lilikuwa limevimba, na juu ya uvimbe palikuwa na mkato mdogo wa mviringo. Mimi na mdomo wangu usio na breki nikamwambia, "Hilo kabati lako linavaa pete?" Akacheka, akajiziba mdomo kwa kiganja. Nikacheka naye. Nilijiona hodari wa utani. Kisha nikamsafisha, shavu likawa laini kama yai, nikamkabidhi fremu yake na kumwita mteja mwingine. Nikikikumbuka kile kicheko natamani ardhi inimeze.

Sisi tunaposafisha hatufuti. Tunaweka tabaka jembamba juu ya picha, kama kiraka cha ngozi nzuri, na ile ya asili inabaki chini vilevile. Picha ikishapendeza, hakuna anayekumbuka kwamba chini kuna nyingine. Hata fundi mwenyewe hakumbuki.

Nilifanya kazi siku mbili. Nikamkata kutoka kwenye pazia la nyuma, unywele kwa unywele. Nikaliziba pengo alipokuwa ameketi. Nikaweka alama za kusogeza shingoni, kidevuni na kwenye pembe za midomo, nikaifundisha shingo kugeuka taratibu, kama mtu aliyeitwa na anayempenda. Jumatano mchana nikabonyeza icheze.

Binti akageuka. Uso ukaenda, kiraka kikabaki.

Nilisahau kukiunganisha na uso, kosa la mwanagenzi. Kipande cha ngozi nzuri kilining'inia peke yake hewani, na chini yake ukatoka uvimbe, na mkato wa pete, vyote vikimfuata binti anapogeuka. Akatabasamu navyo. Kisha akarudi alipoanzia, kiraka kikamfunika, akawa mzuri tena. Sekunde nne. Halafu upya.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Huyu kifo hakikumuumbua. Alizikwa na siri yake, nikaja kumuumbua mimi kwa uzembe.

Kurekebisha ni kubonyeza mara mbili tu, na kidole kilikuwa tayari kwenye kipanya. Nikamfikiria yule mtoto wa miaka sita akirudi kwenye nyumba yenye kabati linalovaa pete. Nikakiondoa kidole. Sitajisifu kwamba ni ushujaa. Alhamisi mara tatu nilikaa kitini ili niisafishe.

Ijumaa mama alikuja amependeza, utadhani anakwenda kupokea mgeni. Nikamvutia kiti, nikabonyeza.

Binti alipoanza kugeuka, mama alianza kutabasamu, na tabasamu lake halikufika mwisho. Alitazama mara ya kwanza bila kupumua. Mara ya pili akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta, palepale shavuni. Uso ukageuka, ukatoka chini ya kiganja chake, na alama yake.

"Funika," akasema.

"Mama..."

"Funika kombe mwanaharamu apite! Mbona wakati ule ulimfunika vizuri tu? Mimi ndiye niliyemtuma kwako."

Nikakiachia kipanya.

"Siku ile alikuja kwangu kwanza," akasema, macho hayabanduki kwenye kioo. "Alisimama mlangoni, akanigeuzia shavu hivihivi. Hakusema kitu. Nikamwambia siri ya mtungi aijuaye kata, rudi kwa mumeo. Pitia kwa fundi akusafishe, upeleke picha nzuri nyumbani. Akiiona, moyo wake utalainika."

Picha ikaendelea kwenda na kurudi.

"Haisimami?"

"Haisimami mpaka uizime."

Hakuizima. Wala mimi sikuizima. Mteja aligonga dirisha akiuliza picha za pasipoti, nikampungia mkono arudi baadaye. Kisha nikamuuliza mama swali ambalo ningepaswa kumuuliza binti yake siku ile, na nimechelewa nalo miaka miwili: "Huyo mtoto kesho unampeleka wapi?"

Akakiondoa kiganja kwenye kioo.

"Toa tabasamu," akasema.

"Na kiraka?"

"Kitoe nacho. Siku ile hakutabasamu."

Nikakitoa kiraka, nikazilegeza pembe za midomo. Sasa alikuwa anageuka tu, anatazama, na shavu lake. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia kwenye kiti hiki, na ndiyo picha pekee ya kweli niliyowahi kumtolea mteja.

Mama akanipa simu yake niiweke humo. "Picha hii ni ya baba mtu. Kesho nitamwonyesha mlangoni, asimame palepale aliposimama mwanangu. Mtoto simtoi. Akitaka aende kokote akanishtaki."

"Na mjukuu wako? Uliitaka iwe yake."

"Mtoto haihitaji. Alikuwepo bafuni." Akakitazama kile kiganja alichokuwa amekiweka kwenye kioo. "Alinieleza yote siku ya mazishi. Nikamziba mdomo kwa mkono huu."