Gari Jeupe Langoni kwa Fanuel

Nilikodi gari lile Nairobi kwa siku kumi na mbili. Lilikuwa refu, jeupe, na ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki ndogo na pazia za kijivu kila dirisha. Mwenye gari aliniuliza mara mbili kama kweli nasafiri peke yangu. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimestaafu kazi ya kufua nguo za hospitali, nilikuwa na leseni niliyoipata nikiwa na miaka hamsini na sita, na sikuwa na mtu wa kumwomba ruhusa.

Kanisani niliwaambia naenda kuona nchi. Hiyo ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Nilikuwa naenda nyumbani Mbololo, kwa kaka yangu Fanuel, na nilitaka kufika na kitanda changu mwenyewe.

Miaka kumi na moja iliyopita, tulipomzika mama, nilimwomba Fanuel kipande cha shamba la baba nijenge chumba kimoja. Sikuolewa na sikujaliwa mtoto. Alinijibu mbele ya watu kwamba binti hajengi kwao. Niliondoka bila kunywa chai. Tangu siku hiyo hakunipigia simu, na mimi sikumpigia. Nilimwomba Mungu aulainishe moyo wake, na kwa miaka mingi sikukumbuka kuuombea wangu.

Nilizunguka kwanza, kama mtu anayeogopa kufika. Naivasha nililala karibu na ziwa, viboko wakinguruma majini. Nakuru niliegesha nyuma ya kituo cha mafuta na kusikiliza mji ukiamka. Kisha niliteremka hadi Taveta, nikanunua mkungu mzima wa ndizi kwa sababu zilikuwa nzuri, nikala mbili, nikabaki nimeushika. Nilimpa kijana wa bodaboda.

"Mama, na mzee atakula nini?" aliniuliza.

"Hakuna mzee."

"Basi na hii nyumba yote ni ya nani?"

Nilicheka, lakini swali lile lilikaa nami barabara nzima.

Ndani ya Tsavo niliona ndovu wekundu kwa vumbi wakivuka njia, mama na mtoto wake. Nilisema kwa sauti, "Tazama." Nikageuza shingo. Kiti cha pili kilikuwa kitupu, mkanda umefungwa kama nilivyoupokea. Nilisimamisha gari, nikaweka kichwa kwenye usukani, nikaomba. Sikuomba neno la maana. Nilisema tu, Bwana, uko hapa?

Nikitoka mbugani, tawi la mwiba lilipasua kioo cha pembeni. Nilirarua leso yangu nyekundu nikakifunga kisianguke. Siku iliyofuata, Jumatano jioni, nilipita Voi nikaanza kupanda kilima cha Mbololo. Kona zile zilinitisha. Niliwasha taa zote za tahadhari nikaenda polepole sana, pikapu moja na bodaboda nne zikinifuata nyuma kwa kukosa nafasi ya kunipita. Watu kando ya njia walisimama. Wanaume walivua kofia. Nilifikiri, watu wetu Wadawida bado wana adabu.

Lango la Fanuel lilikuwa limefungwa. Niliita, hakuna aliyeitika. Simu yangu ilikuwa imezima. Niliegesha nje ya lango, nikafunga pazia, nikalala mapema.

Asubuhi niliamshwa na wimbo. Ulikuwa wimbo wa msiba, wa sauti za kike, karibu sana na dirisha. Nilisikia kuni zikitupwa chini, viti vikipangwa, mtu akiuliza turubai lifungwe wapi. Niliketi kitandani. Moyo wangu ulisema Fanuel amekufa, nami nimefika nimechelewa.

Kisha nikasikia sauti yake.

"Tutachimba pale chini ya kaburi la mama," alikuwa akisema, "karibu na mparachichi. Loise atalala hapo. Nimekubali." Alikohoa. Nilijua kikohozi kile tangu utotoni; hivyo ndivyo alivyojizuia kulia.

"Sasa dereva yuko wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya jirani yetu Donald. "Mtu analeta maiti halafu anaenda kulala?"

Nikaelewa. Gari jeupe lenye pazia, kitambaa chekundu kwenye kioo, taa zikiwaka, magari nyuma kwa mwendo wa mazishi, na mwisho wake lango la Fanuel. Huku kwetu kila mtu anajua maana ya hayo: maiti inaletwa nyumbani. Na katika familia ile aliyebaki mbali alikuwa mmoja tu.

Sikutoka mara moja. Mungu anisamehe, nilikaa nikawasikiliza. Mable, niliyesoma naye darasa la pili, alikuwa akilia jina langu. Mtu alisema nilikuwa mkarimu. Miaka kumi na moja hakuna aliyeniuliza kama nimekula, na sasa nilikuwa na kuni, turubai, sufuria na watu. Niliwaza kwamba nikifungua mlango, vyote vitaondoka.

Nilivaa sweta, nikaomba kwa kifupi, nikafungua.

Wimbo ulikatika. Mtu mmoja alidondosha kikombe.

"Hamjambo," nilisema. "Ni mimi. Sijafa. Hili gari ni la kutembelea."

Mable alinikaribia, akanigusa shavu, akanipiga begani kwa nguvu. "Wewe Loise. Nimelia kamasi zote kwa mtu aliyevaa sweta?"

"Na mimi nimekata mti mzima," alisema Donald. "Usife tena mwaka huu, mgongo wangu hauwezi."

Wakacheka, wengine huku wakifuta macho. Mable akasema kuni ni kuni, na kimanga cha muhogo na maharagwe amekwisha kukiponda, basi kiliwe. Lakini Fanuel hakucheka. Alisimama na jembe mkononi. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe zote, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Kaka," nilisema.

"Ungepiga simu."

"Ungepokea?"

Aliangalia chini. Watu walijifanya wanashughulika na moto.

"Pale ulipotaka kunipa," nilisema. "Nionyeshe."

Alinitangulia hadi chini ya mparachichi. Alikuwa amekwisha kufyeka majani na kuchora mstari kwa jembe, urefu wa mtu. Kaburi la mama lilikuwa hatua sita tu kutoka hapo. Pazuri; kutoka pale unaona tambarare yote hadi Voi.

"Nikiwa maiti ulinipa bila kuulizwa," nilisema. "Nakuomba nikiwa hai. Gari linatakiwa Nairobi Jumamosi. Niache niliegeshe hapa mpaka nitakapoondoka."

Aliuegemeza mpini wa jembe kwenye mparachichi.

"Kuzika nilikubali," alisema. "Kujenga sijakubali, Loise. Nisikudanganye."

"Nimesikia."

"Wanangu nao wana maneno yao."

"Nimesikia, kaka."

Akaenda kufungua lango. Niliingiza gari kinyumenyume, polepole, yeye akinielekeza kwa mkono, na magurudumu yakaufuta ule mstari. Mteremko ulikuwa mkali kidogo. Fanuel alitafuta mawe mawili mazito akayakita nyuma ya magurudumu, akayapiga kwa kisigino mpaka yakashika.

Watu walikula, wakaondoka mmoja mmoja na viti vyao. Yeye aliingia nyumbani kwake, akafunga mlango. Hakunialika, nami sikubisha. Niliketi kwenye ngazi ya gari nikitazama kaburi la mama, nikaomba nipewe ulimi wa upole kwa siku mbili zilizobaki, maana kesho yake asubuhi ningekwenda mlangoni kwake na kumwomba tena nafasi ya chumba kimoja.