Unene wa Shavu

"Unaona nini?"

"Ngoja kwanza, Baba."

"Nimengoja. Unaona nini?"

Jicho alikuwa ameketishwa kwenye mlango wa nyuma wa karakana, mito mgongoni, na bunduki mpya imelazwa juu ya mfuko wa mchanga mbele yake ili isimwelemee. Kitako kilikuwa begani, shavu la kulia limelala juu ya mti wa kitako hicho. Baba yake alisimama nyuma yake, mkononi ameshika tupa ambayo hakuwa na kazi nayo.

"Naona chuma," Jicho alisema mwishowe. "Mgongo wa chuma tu. Ile chembe ya shaba ya kulengea kule mbele siioni."

"Inua kichwa kidogo."

"Nikiinua naiona. Lakini nikiinua, shavu linaachana na mti."

Baba aliigeuza tupa mkononi. Bunduki ya kulengea kwa kunyoosha shingo ni bunduki ya mtu mwingine, na hilo alikuwa amewaambia wateja maisha yake yote.

Mtaa ulimwita Moja kwa sababu bunduki alizotengeneza, za kuwindia, zilikula risasi moja tu kwa wakati. Unasukuma wenzo chini, kipande cha chuma kinashuka, unaingiza risasi, unarudisha wenzo, basi. Ukikosa, mnyama kaenda zake na wewe umebaki na maelezo. Waliotaka bunduki ya risasi nyingi aliwatimua kwa kejeli. "Mwenye risasi tano," alikuwa akisema, "hulenga mara moja na hukosa mara tano."

Na kila bunduki aliikatia mwili mmoja. Alipima mkono, shingo, bega na shavu, hasa shavu, kwa kuwa shavu ndilo linalobeba jicho. Chuma alikipaka masizi ya koroboi, akakilaza kwenye mti, akakitoa, akatazama masizi yamegusa wapi, akaparuza hapo kwa patasi ganda jembamba kama la kitunguu, kisha akaanza upya. Alikwenda hivyo mpaka mkewe akalalamika kwamba hakuna shuka nyumbani isiyo na alama za vidole vyeusi. Lakini kazi ikiisha, mwenye bunduki aliiinua akiwa amefumba macho, na alipoyafumbua, ile chembe mwishoni mwa mtutu ilikuwa pale pale ilipotakiwa, imetangulia kufika. Watu wazima walicheka peke yao. Wengine walisimama tu wakiupapasa ule mti kama wanaopapasa shingo ya ndama, wakasahau kuaga.

Aliyezijaribu zote, alipokuwa mzima, ni huyu kijana, akipiga vifuniko vya bati kwenye tuta la udongo mwisho wa uwanja. Jina la Jicho alilipata hapo. Yake mwenyewe hakuwa nayo. "Mfinyanzi hulia gaeni," watu walimtania, naye akicheka nao, na baba yake kila mwaka akisema, "Yako inakuja." Ilikuja alipougua. Hospitali ilipomrudisha nyumbani na mfuko wa dawa na maneno ya sauti ya chini, Moja alishusha kutoka darini ubao wa thamani wa mjozi ambao alikuwa amewanyima wenye pesa na wenye vyeo, akaanza kukata. Jicho aliomba jambo dogo: aiweke begani, aione chembe, aipige mara moja. Moja alimwahidi kwamba ataipiga.

Kosa alilifanya kwa furaha. Dawa mpya zilimjaza kijana uso. Mashavu yalituna, yakang'aa, na Moja alipoyaona alitoka mbio hadi kwa jirani yake, fundi viatu, kumtangazia kwamba mwanawe amenenepa. Mkewe alimkamata mkono mlangoni. "Baba Jicho, huo si mnofu. Hayo ni maji." Yeye akamjibu kwamba kuna watu wakiletewa habari njema huitafutia kaburi. Siku hiyo hiyo alilipima shavu lile jipya, akaushusha mti ulifuate, akiparuza huku akiimba. Kisha dawa zilibadilishwa, maji yakaondoka, na shavu likazama mpaka safu ya meno ikaonekana kwa nje. Na jicho lake likashuka pamoja na shavu. Sasa mti ulitakiwa kupanda juu, na mti ukishaukata haupandi.

"Weka hata kitambaa," mkewe alisema, akiwa ameegemea fremu ya mlango, kikombe cha uji mkononi.

"Kitambaa! Nimfungie mwanangu bandeji kwenye bunduki?"

"Basi tengeneza kitako kingine."

"Kwa miezi gani?"

Neno likamtoka kabla hajalishika. Wote watatu walilisikia. Jicho aliinua shavu lake kutoka kwenye mti, taratibu, akasema amechoka na anaomba kulala.

Mchana kutwa Moja alizunguka karakana akigusa vitu. Alifikiria kuiinua chembe, iliyokuwa imelala juu ya mtutu kama kupe, lakini chembe ikipanda, risasi hupiga chini ya shabaha. Alifikiria kubandika kipande cha mjozi kwa gundi, akaona mshono utakavyopasuka kwa mshindo wa kwanza, chini ya shavu la mgonjwa. Mwishowe alichuchumaa, akakusanya chini ya meza maranda yaliyotoka kwenye kitako kile, membamba, yenye mistari ileile, akayashika kiganjani na kuyabandika juu ya mti pale yalipotoka. Yaliteleza. Akayaokota, akayabandika tena. Hakuna aliyemwona, ila aliona haya vilevile.

Asubuhi ilipofika Jicho mwenyewe ndiye aliyemwita. Alikuwa ameshaketishwa mahali pake, na mama yake anamweka mito sawa.

"Nipe tena, Baba."

Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyeamka sasa hivi. Moja alimwekea bunduki begani, hana tumaini lolote. Shavu likalala.

"Naiona," Jicho alisema.

"Unaona nini?"

"Chembe. Imekaa katikati. Hainipi taabu yoyote."

Moja aliinama, akatazama kwa pembeni, na kweli lile shavu lilikuwa limejaa na kulalia mti kama zamani. Alicheka, akampiga mkewe begani, akasema leo leo, leo hii hii anaipiga, akatoka mbio kutafuta kifuniko cha bati. Hakufika mbali. Alikumbuka kwamba risasi ziko kwenye kabati karakanani, akarudi.

Mkewe alikuwa ameinama, kiganja chake kimekingwa chini ya kinywa cha Jicho, kama mtu anayemtemesha mtoto kokwa ya tunda. Na kijana akatema. Ilikuwa pamba, ile ya kufutia mahali pa sindano, imeviringishwa kwa mkono, imelowa, ina alama za meno na tone la damu.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi nimeviringisha," mkewe alisema bila kugeuka. "Yeye ndiye aliyeniomba."

Jicho alijifuta midomo. Shavu lilikuwa limerudi shimoni.

"Ile siku nilipovimba, Baba, uliimba," alisema. "Nilikuwa sijakusikia ukiimba tangu niugue. Nikaona nivimbe tena kidogo."

Moja alilia. Tuseme hivyo hivyo, hakuna haja ya kumsitiri. Alilia amesimama, mikono imening'inia, na mkewe akamwacha alie, kwa kuwa yeye alikuwa amemaliza zamu yake ya kulia jikoni tangu alfajiri. Alipotulia alinyoosha mkono.

"Nipe hiyo."

"Hii? Ya nini?"

"Nipe, Mama Jicho."

Fundi viatu alikuwa na kibanda ng'ambo ya njia, na tangu ujana wao Moja hakuwahi kumwita kwa jina jingine ila Baba Viraka. Wewe kazi yako kufunika makosa, alikuwa akimwambia, mimi yangu kutoyafanya. Wakicheka, lakini mmoja akicheka zaidi ya mwenzake. Kwa hiyo Moja aliposimama pale na bunduki begani, akasema, "Jirani, nina kiraka," fundi viatu aliweka nyundo chini na kujiandaa kula utamu wake.

"Semaje? Hebu rudia, sikio langu hili..."

Moja alifungua kiganja. Jirani aliitazama ile pamba, akautazama uso wa mwenye kiganja, na utani ukamwishia mdomoni.

"Ya kijana?"

"Ya shavuni. Nataka ngozi ya unene huo, ikae juu ya mti hapa. Usitumie msumari."

Fundi viatu aliichukua pamba bila kusita, ikiwa bado mbichi, akaiminya kati ya kidole gumba na cha shahada akiwa amefumba macho. Kisha akapekua vipande vyake, akatoa ngozi laini ya ndani ya kiatu, akaikunja, akaiminya pia, akaongeza tabaka. Walishona pamoja, mmoja akiivuta ngozi kulizunguka tumbo la kitako, mwingine akipitisha sindano. Wakagombana kidogo kuhusu kuvuta, na kugombana huko kuliwasaidia. Juu ya ule mti wa mjozi, wenye mistari ambayo watu walikuwa wakisahau kuaga kwa ajili yake, kiraka kilikaa cheusi na kinene. Kilionekana vibaya sana.

"Nifunge fundo?"

"Acha uzi mrefu."

"Utalegea, Moja."

"Acha tu. Huenda tukahitaji kuongeza."

Fundi viatu aliukata uzi kwa mbali, mkia ukabaki ukining'inia.

"Au kupunguza," alisema.

"Au kupunguza," Moja alikubali.

Jua lilikuwa limeanza kuinama waliporudi. Jicho alipoona ngozi alitabasamu, akaipapasa, akasema mtu atadhani bunduki imevaa kiatu. Kisha akalaza shavu. Walingoja. Hakuna aliyemuuliza anaona nini.

"Baba," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, kinywa kitupu. "Nenda kaweke bati."

Kulikuwa na sheria katika uwanja ule tangu Jicho hajajua kusoma: anayekwenda mbele ndiye anayeshika risasi. Moja alisukuma wenzo, akahakikisha bunduki haina kitu, akaichukua risasi kabatini na kuifumbata. Alitembea hadi kwenye tuta la udongo lililojaa matundu ya bunduki zote alizowahi kuwatengenezea watu wengine. Akatundika kifuniko kwenye msumari wa kigingi kilichosimama pale, akakisawazisha, akakisawazisha tena. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya uvimbe, alijisikia akivuma wimbo puani.

Akageuka.

Kutoka pale mlango ulikuwa mdogo. Aliuona mtutu, na nyuma ya mtutu kichwa cha mwanawe kimelala kwenye ngozi, kimetulia sana, jinsi alivyomfundisha kutulia. Hakuweza kuona kama jicho liko wazi. Mkewe alikuwa amepiga magoti kando, mkono mmoja mgongoni kwa kijana, na mwingine ameuinua juu kumwelekea yeye. Hakujua kama ule mkono unamwambia asubiri au unamwambia njoo.

Wimbo ulikatika. Moja alianza kutembea, halafu akatembea haraka, na ndani ya ngumi yake ile risasi moja ilikuwa imepata joto kama yai lililotolewa sasa hivi chini ya kuku.