Mtoto wa Uwanjani

Mama mkwe wangu, Leonia, alimwita mwanangu "mtoto wa uwanjani" tangu hajaota jino. Mwaka niliobeba ile mimba, wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamejaa uwanja wa mpira pale Kigoma mjini, nami nilipata kibarua cha kuwapikia uji. Mume wangu Dismasi alikuwa kwenye boti zilizokwenda kuwachukua Kagunga, mpakani, nyumbani anapita siku mojamoja. Dainess alipozaliwa mrefu, mweupe kuliko sisi wote, mama mkwe alifunua khanga, akamtazama, akamfunika.

"Huyu si wa ukoo wetu," akasema, na mtaa mzima wa Kasingirima ukasikia.

Nilimchukia kwa neno hilo, na sioni haya kusema. Dismasi alicheka tu, akambeba mwanawe. Mimi nikimwamkia mama yake, "Mwidiwe, mama," alinijibu huku anaangalia masufuria.

Mvua za mwaka huu zikaja na homa. Mbu wake huuma mchana, na walizaliwa kwenye mapipa yetu wenyewe ya maji. Nilianza kuugua mimi. Macho yaliuma, mifupa iliuma, nikalala mkekani nikitamani kufa, kisha nikainuka nikapika. Mama mkwe naye aliumwa kidogo, akapona huku anagomba. Dismasi alitembea kwa miguu yake hadi hospitali, fizi zinavuja damu, na hakurudi. Kabla hatujaanua matanga, dada yake Honorata akamfuata kwa ugonjwa uleule.

Daktari Gasper, Mchaga aliyehamishiwa kwetu, alituita mimi na mama mkwe. Akauliza baba wa marehemu alikufaje.

"Leonardi? Alitokwa damu puani na mdomoni, hawa wakiwa wadogo," mama mkwe akasema. "Watu walisema amelogwa. Na mimi nilisema hivyohivyo."

"Mbu aliwauma nyote, na kirusi ni kilekile," daktari akasema. "Lakini kuna vitu mtu anazaliwa navyo mwilini, anavirithi kwa wazazi, na vinaweza kufanya homa hii impige vibaya kuliko wenzake. Siwezi kuapa kwamba ukoo wenu ni hivyo, maana kipimo sina. Ila akiugua mwingine wa damu ya mzee Leonardi, mleteni mapema. Na homa ikishuka, msishangilie. Hatari yenyewe huanzia hapo."

Dainess wakati huo alikuwa Ilagala kwa mama yangu. Mwenye akili angemwacha hukohuko. Lakini nyumba ilikuwa imekufa ganzi, nikamtaka mwanangu, nikaenda kumchukua. Hakumaliza wiki kabla hajaanza kuchemka.

Nilimkimbiza hospitali, akalazwa, akatundikiwa dripu. Asubuhi moja mama mkwe akaja na chupa ya uji. Aliiweka chini, akakaa nami kwenye ukingo wa kitanda, karibu kuliko alivyowahi kukaa.

"Mama Dainess," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Nataka uniambie kweli. Sitakulaumu, wala sitamwambia mtu, nitakushika miguu kama unataka. Ulimpata kule uwanjani, siyo? Baba yake ni Mrundi."

Nilimtazama yule mama. Miaka yote alinituhumu kwa kinywa kipana, na leo alikuwa ananiomba nimwambie kwamba alisema kweli. Nami, Mungu anisamehe, nilitamani ningekuwa malaya. Nilijitafutia kichwani mwanamume yeyote katika ule umati uliopanga foleni na vikombe, nikakosa hata sura ya kumsingizia.

"Ni wa Dismasi, mama," nikasema. "Sikuwahi kulala na mwingine."

Mama mkwe alifunua shuka taratibu, kama alivyofunua khanga ile siku ya kwanza, akamtazama mtoto kuanzia kichwani. Alipofika miguuni akashika vidole, akavipapasa kimoja kimoja.

"Hii ni miguu ya Leonardi," akasema. "Nilikuwa siangalii."

Akainuka, akatoka mbio kumwita daktari. Nikaweka kiganja kwenye paji la uso la mwanangu. Homa ilikuwa imeshuka.